Ukipata gari mpya kwenye gemu, unaipeleka saketi gani kwanza? (Nordschleife msinitajie)

#1 KonaYaPili
Wakuu salama. Kila mtu akinunua gari kwenye Gran Turismo 7 (GT7) au akiiweka kwenye Assetto Corsa anakimbilia Nordschleife, ile saketi ndefu ya milimani Ujerumani, kisha anakuja hapa na hukumu: "gari tamu", "gari kimeo". Msimamo wangu ni kwamba ile ndiyo saketi mbovu kuliko zote kwa kazi hiyo. Gari ya kawaida ya spoti inakula dakika nane au tisa kwa raundi. Ukiharibu kona ya tano, raundi yote haina maana tena, na ukifika mwisho hukumbuki tena gari ilifanya nini mwanzoni.

Kwangu ni Tsukuba ya Japani. Mita 2,045, dakika moja na sekunde chache raundi imeisha, unarudia papo hapo kona bado iko kichwani. Kuna breki nzito mwisho wa streti kuu, hepini mbili (kona kali zinazokurudisha ulikotoka), ule mchepuko wa kushoto na kulia katikati, kona ya Dunlop, streti ya nyuma, halafu kona ndefu ya kulia ya mwisho ambayo haifichi kitu: pua ikisukuma nje utaiona, mkia ukilegea utauona. Nyie mnaanzia wapi? Sababu, si majina matupu.

#2 MzeeWaDifu
Tsukuba ni sakafu ya sebuleni, mkuu. Hata toroli inateleza vizuri sebuleni.

Kilomita 20.6 za Nordschleife zina kitu ambacho Tsukuba haina kabisa: ardhi inayopanda na kushuka. Kati ya sehemu ya chini na ya juu kuna tofauti ya kama mita 300. Fuchsröhre unashuka kwa kasi halafu bonde linakugandamiza mpaka springi zinafika mwisho. Flugplatz na Pflanzgarten gari inakuwa nyepesi au inaruka kabisa. Karussell unaingia kwenye zege lililoinama, tairi za ndani ziko chini na za nje ziko juu. Gari ikipita hapo salama, itapita popote. Huko Tsukuba shokapu zinafanya kazi gani? Zinalala.

#3 Breki_Mapema
Ni kilomita 20.832 mzee. Hiyo 20.6 ni kipimo cha zamani, ambapo kipande cha mbele ya jukwaa la T13 hakikuhesabiwa. Tangu 2019 muda rasmi wa viwanda vya magari unapimwa raundi nzima. Ndiyo maana ukilinganisha muda wako wa gemu na ule wa gari halisi wa miaka ya nyuma unajiona umezidiwa sekunde kadhaa, kumbe umbali si ule ule.

#4 TairiBaridi
Mnagombania saketi wakati tatizo ni utaratibu. Hata uende wapi, usipofunga haya kwanza unapima upepo:

1. Tairi. GT7 magari yanatoka dukani na tairi tofauti, mengine Comfort, mengine Sports. Ukilinganisha yakiwa hivyo hivyo, umelinganisha tairi. Yavalishe yote Sports Hard, hata lile lililokuja na Sports Soft.
2. Tengeneza mbio yako mwenyewe, uchakavu wa tairi zima, matumizi ya mafuta zima, saa na hali ya hewa visibadilike.
3. TCS (kompyuta inayozuia magurudumu kuteleza ukikanyaga gesi) sifuri. Ikibaki 3 inameza makosa yote ya gari inayovuta nyuma, utasema imetulia kumbe kompyuta ndiyo imetulia.
4. Usiguse mipangilio. Gari ijaribiwe kama ilivyotoka, kufundi baadaye.
5. Raundi ya kwanza itupe. Zinazofuata angalia ya katikati, achana na ile ya kasi zaidi. Ya kasi zaidi inakwambia ulibahatika kiasi gani.

Wa Assetto Corsa: angalieni hali ya lami kabla ya kuanza. Ikiwa Dusty mshiko unaanzia asilimia 86, Optimum ni 100. Watu wanabishana gari mbili wakati mmoja yuko kwenye vumbi.

#5 KonaYaPili
Namba 5 naikubali, ila inanipa mimi ushindi. Ili upate raundi ya katikati lazima uwe na raundi kadhaa safi. Nordschleife utazipata lini? Jioni imeisha.

#6 DadaUsukani
Mnazunguka bure. Jibu ni Suzuka ya Japani, na wala si la kubahatisha. Honda waliijenga 1962 kama njia ya kujaribia magari yao, akaichora John Hugenholtz, Mholanzi. Iko kama namba nane, inajipita yenyewe kwa daraja, kwa hiyo kona za kulia na za kushoto karibu zinalingana. Tsukuba unazunguka kwa mwelekeo wa saa, kona nzito ni za kulia, tairi za kushoto ndizo zinabeba mzigo. Gari yenye kasoro ikigeuka kushoto utaijuaje?

Halafu angalia mpangilio. Zile S za mwanzo zinapima gari inavyohamisha uzito kulia na kushoto bila kupumzika: ikichelewa kwenye S ya pili, ya tatu huiwahi. Kona ya Degner ya pili inapima breki huku usukani haujanyooka. Hepini inapima kuondoka kutoka mwendo mdogo. Spoon inapima subira ya mguu wa gesi, maana ina sehemu mbili za kugusa ndani. Kisha kona ya 130R kwa kasi, na mwisho ile kona ya kupinda huku na huku (chicane) iliyokuwa ikiitwa Casio, breki kali gari ikitoka kwenye mwendo mkubwa. Kilomita 5.807, dakika mbili na kitu. Unataka nini tena?

#7 Breki_Mapema
Dada umemaliza, ila 130R ya sasa haina nusu kipenyo cha mita 130. Waliibadilisha 2003, baada ya ajali ya Allan McNish ya 2002, ikawa na sehemu mbili, moja ya mita 85 na nyingine ya 340. Jina limebaki tu. Nasema hivi kwa sababu kuna jamaa anapenda kukokotoa mshiko kwa hiyo 130.

#8 GiaSita
Huyo jamaa ni mimi 😂 na hesabu haina kosa, kosa ni kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 100, gari yenye mshiko wa 1 g (nguvu sawa na uzito wake) inapita kwa kama kilomita 113 kwa saa. Zaidi ya hapo ama ina mgandamizo wa hewa unaoisukuma chini ama inatoka nje.

Mimi kabla ya saketi yoyote naanzia Special Stage Route X, saketi ya kubuni ya GT7. Kilomita 30.28, streti mbili za karibu kilomita 12 kila moja. Hapo najua mambo matatu bila kona kunichanganya. Kwanza gia: sindano ikigonga mstari mwekundu kwenye gia ya juu kabisa na streti bado ipo, gia ya mwisho ni fupi, kasi ikigoma kupanda kabla ya mwekundu, ni ndefu mno au hewa imezidi nguvu ya injini. Pili turbo: tia gia ya nne kwenye mzunguko mdogo wa injini, kanyaga yote, uone inachelewa kiasi gani kabla haijavuta. Tatu breki: kutoka 100 mpaka kusimama kwa 1 g ni mita 39, kutoka 200 ni mara nne yake, kama 157. Gari ikizidi hapo sana, ujue ni tairi au mgawanyo wa breki mbele na nyuma.

#9 MzeeWaDifu
Dakika ngapi unasubiri kwenye streti ya kilomita 12? Watu wanapika ugali hapo.

#10 GiaSita
Na ninyi wa milima ya Nordschleife mnaiva pamoja nao. Sihitaji kumaliza raundi, mzee. Kilomita nne tu natoka.

#11 Kijana_wa_Pedi
Naomba kuuliza wakuu. Nissan Silvia S15 niliyoipangilia Tsukuba inakata kona kama wembe, lakini nikiipeleka Nordschleife au Spa ya Ubelgiji mkia unanitoka bila taarifa. Tairi zile zile, TCS ile ile. Gari moja inakuwaje mbili?

#12 Fundi_Springi
Springi. Ukiipangilia Tsukuba unaishusha chini na kuikaza, kwa sababu lami ni tambarare na gari ngumu inageuka haraka. Ukiipeleka Nordschleife, kila ardhi inapobonyea springi inamaliza nafasi yake, tumbo au kizuizi cha shokapu kinagonga, na kuanzia hapo tairi inabeba mshtuko moja kwa moja. Mzigo ukiruka ghafla, mshiko unaruka nao. Rudisha kimo juu milimita 10 hadi 15, legeza springi za nyuma hatua chache, punguza ukali wa shokapu zinaporudi juu. Kwenye Raidillon ya Spa utaona tofauti, maana pale unatoka bondeni unapanda huku unageuka.

#13 TairiBaridi
Springi ni sehemu tu. Tazama joto. Tsukuba tairi hazipati nafasi ya kupoa, streti ndefu zaidi ni mita mia nne na kitu. Nordschleife kuna Döttinger Höhe, zaidi ya kilomita mbili moja kwa moja, tairi zinapoa, halafu unaingia Tiergarten kwa kasi ukiwa na mshiko pungufu ya ule ulioacha nyuma. Spa hivyo hivyo: streti ya Kemmel halafu kona ya Les Combes. Kwenye Assetto Corsa unaweza kuliona, kuna kidirisha cha joto la kila tairi kwa nyuzi. GT7 unabaki na rangi ya alama ya tairi tu.

#14 DadaUsukani
Mimi nasema hewa. Mgandamizo unakua kwa mraba wa kasi: kutoka 100 kwenda 200 unakuwa mara nne. Tsukuba kona nyingi unapita chini ya 120, bawa halina neno. Spa unapita kona za Blanchimont na Pouhon kwa zaidi ya hapo sana. Kama mdogo wangu ameweka bawa la mbele kali na la nyuma akaliacha la kiwandani, kwa mwendo mdogo hahisi kitu, kwa mwendo mkubwa pua inaganda chini na mkia unabaki mwepesi. Ndiyo maana unamtoka "bila taarifa".

#15 MzeeWaDifu
Nyote mmeruka difu. Kule kwenye hepini anataka isaidie kugeuka, ameshusha ukali wa difu wakati wa breki mpaka karibu na 5. GT7 unaweza kwenda 5 hadi 60. Kwenye 5 magurudumu ya nyuma yanakuwa huru ukiachia gesi, gari inageuka vizuri sana kwa 60 kwa saa. Jaribu kuachia gesi hivyo hivyo ukiwa 190 unaingia kona ya Schwedenkreuz kule Nordschleife. Pandisha mpaka 20 au 25 halafu urudi hapa.

#16 KonaYaPili
Au Tsukuba ameikariri. Saketi uliyoikariri, mikono yako inarekebisha gari kabla haijakosea, hata hujui kama unarekebisha. Saketi usiyoijua, gari inaonekana ilivyo.

#17 Fundi_Springi
Mkuu #16 hapo umeipiga Tsukuba yako ngumi ya uso.

#18 KonaYaPili
Hapana. Nataka saketi niliyoikariri hasa kwa sababu hiyo. Nikiijua vizuri, kinachobadilika ni gari peke yake.

#19 Breki_Mapema
Kijana, tenganisha dalili. Ikitoka chini kabisa ya Fuchsröhre tu, ni springi. Ikitoka kwenye kona ya kasi, hewa. Ikitoka kona ya kwanza baada ya streti ndefu, tairi. Ikitoka ukiachia gesi, difu ya mzee.

#20 DadaUsukani
Haitenganishiki hivyo. Chini ya Fuchsröhre una kasi na bonde kwa wakati mmoja, hewa na springi zinakusukuma pamoja. Kama anataka hewa peke yake aende Monza ya Italia. Iko karibu tambarare, kilomita 5.793, na Parabolica, siku hizi inaitwa Curva Alboreto, inakupa kona ndefu ya kasi bila mabonde. Ikimtoka pale pia, springi hazina hatia.

#21 TairiBaridi
Na kabla ya Parabolica kuna streti ndefu, tairi zimepoa. Kwa hiyo umetoa springi umeniingiza mimi 😂

#22 Kijana_wa_Pedi
Bawa la mbele ndiyo, nililiweka. Difu ya breki iko 7. Kimo nimeshusha mpaka mwisho. Sasa nianze na nini?

#23 Fundi_Springi
Umekiri yote matatu, mahakama imeahirishwa. Badilisha kimoja, raundi chache, rudisha, badilisha kingine. Ukibadilisha vyote kwa pamoja gari itapona na hutajua dawa ilikuwa ipi.

#24 Laguna_Tu
Nashangaa mpaka post ya 23 hakuna aliyetaja Laguna Seca ya Marekani. Ipo kwenye Gran Turismo tangu GT2 ya 1999. Kilomita 3.602, kona 11, nyingi za kushoto, kwa hiyo dada wa Suzuka anayelalamikia Tsukuba hapa anapata upande wa pili. Kona ya Corkscrew inashuka kama mita 18 ndani ya umbali mfupi, kushoto kisha kulia, na unaingia ukiwa bado unafunga breki kwenye mlima. Gari yenye breki nyingi mno mbele itagoma kugeuka pale juu. Yenye nyingi mno nyuma itakuzungusha kabla hujaiona kona. Sogeza mgawanyo wa breki hatua moja moja mpaka ipite. Hakuna kona nyingine inayokujibu swali hilo haraka kiasi hicho.

#25 MzeeWaDifu
Ipo. Kona ya Paddock Hill ya Brands Hatch, Uingereza. Kulia, huioni ukiingia, ardhi inazama chini yako katikati ya kona kisha inakunyanyua. Na Brands Hatch Indy, njia yake ya mkato, ni fupi kuliko hata Tsukuba, haifiki kilomita mbili. KonaYaPili, ukitaka saketi fupi yenye milima hiyo hapo, acha sebule.

#26 KonaYaPili
Raundi fupi hivyo unapima kona nne tano tu. Ila Paddock Hill nakupa, pale umesema kweli.

#27 Breki_Mapema
Kama ni saketi iliyopangwa kwa ajili ya kujaribia, msiisahau ile ya Top Gear, kipindi cha magari cha TV ya Uingereza, kule Dunsfold, uwanja wa ndege wa zamani. Kona ya Hammerhead imechorwa makusudi ili gari inayosukuma pua au kuyumbisha mkia ijisaliti. Ilikuwepo GT5, GT6 na Forza Motorsport 4. GT7 hawakuileta, hasara tupu. Upande wa Forza wengi sasa wanatumia Maple Valley, ya kubuni lakini ina kupanda, kushuka na kona ndefu ya kutosha.

#28 GiaSita
Saketi za kubuni zina faida moja: hazina historia ya kukudanganya. Deep Forest ipo tangu Gran Turismo ya kwanza ya 1997, hakuna muda wa kiwanda wa kujilinganisha nao. Unalinganisha gari na gari, basi.

#29 DadaUsukani
Na zina hasara moja. Lami yake imechorwa na mtu, matuta yake ni yale aliyoyafikiria. Nordschleife ya Assetto Corsa, iliyotoka 2015, imepimwa kwa leza. Kila kibonye kilichopo Ujerumani kipo. Kwa springi hiyo ni tofauti kubwa.

#30 Mwana_Naivasha
Ninyi watu wa lami mnanichekesha. Gari mpya ipelekeni Safari. Kwenye gemu ya rali ya EA Sports WRC, hatua (vipande vya njia) za Kenya zina mchanga laini, mawe, na streti ambazo zinaonekana nyoofu mpaka utakapokutana na shimo. WRC 9 ya 2020 ilikuwa nayo pia, mwaka ambao Safari yenyewe ilifutwa kwa korona, ikarudi 2021. Kwenye vumbi hakuna bawa la kukuokoa: pandisha gari mpaka juu, legeza springi, funga breki mapema gari ikiwa imenyooka, geuza kwa kuachia gesi. Gari ya four-wheel mbovu unaijua ndani ya kilomita mbili.

#31 Fundi_Springi
Bosi wa Naivasha, tatizo kwenye hatua ya rali unapima kusoma njia kuliko gari. Mpe mtu hatua ile ile mara kadhaa, muda unashuka kila mara na gari haijabadilika.

#32 Mwana_Naivasha
Na Tsukuba muda haushuki?

#33 Fundi_Springi
Unashuka, lakini unagota mapema.

#34 Kijana_wa_Pedi
Swali dogo la mwisho. GT7 mwanzoni unachagua kati ya Toyota Aqua, Honda Fit Hybrid au Mazda Demio. Nimechukua Demio. Nayo nianzie Suzuka?

#35 MzeeWaDifu
Demio! Dar zimejaa barabara nzima na wewe unaifuata mpaka kwenye gemu 😂

#36 DadaUsukani
Mwacheni. Demio Suzuka utalala kwenye ule mwinuko wa kutoka Degner. Inavuta mbele na ni ya dizeli, ina nguvu chini ila inaishiwa mapema, kwa hiyo badilisha gia kabla ya mwekundu. Ipeleke Tsukuba, leo namkubalia KonaYaPili. Ukitoka hepini ya pili usikanyage gesi mpaka usukani uanze kunyooka, vinginevyo gurudumu la ndani linazunguka bure na pua inaenda nje.

#37 GiaSita
Halafu ukimaliza ulete Route X tuone inagota wapi. Nadhani 200 haigusi.

#38 TairiBaridi
Kwa tairi gani?